Ameacha kuvuta, sasa anakula keki

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi wangu Mwanjelwa, dogo mmoja mtaratibu sana, tunapiga stori za kawaida mara akaniambia kaacha kuvuta bangi maana kifua kilikuwa kinambana hasa hii baridi ya mwezi wa saba, sasa hivi anakula keki za bangi tu, "ile haina moshi kaka, ile ni laini". Nikashindwa kunyamaza. Mdogo wangu wa mwisho aliniambia hivyohivyo, na usiku wake nikambeba mgongoni.

Mimi nimevuta miaka nane, huu mwaka wa nne tangu niache. Simshauri mtu aanze, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 haikupi nafuu eti kwa vile umeoka badala ya kusokota. Lakini watu wanatumia, na wanadanganyana, hilo ndo linaniuma.

Tuanze na moshi. Ukivuta, THC, yaani ile kemikali inayolewesha, inapita kwenye mapafu inaingia kwenye damu, dakika chache tu ushaanza kusikia stimu, nusu saa hivi ndo kilele, masaa mawili matatu unaanza kurudi. Ubaya ni kwamba unavuta lami na ile gesi ya sumu ya kaboni monoksidi kama mvuta sigara. Na wale wanaobana pumzi mpaka macho yanatoka wanajitesa bure, sehemu kubwa inaingia sekunde chache za mwanzo, baada ya hapo unaipa lami tu muda wa kukaa kifuani. Kuna wanaopitisha moshi kwenye maji, kama wazee wa zamani na vibuyu vyao, koo haliungui wakadhani umechujwa, maji yanapoza tu jamani. Ukichanganya na tumbaku ndo kabisa, arosto ya asubuhi, yaani ule mwili kudai, unaisingizia bangi kumbe nikotini imeshakushika.

Vepu, zile sigara za umeme, sina mengi, ila Marekani mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa mapafu, waliothibitika kufa 68, na wengi walivuta mafuta ya THC ya mtaani yaliyochanganywa na aina fulani ya vitamini E. Kwa hiyo "haina moshi" siyo "haina shida".

Sasa keki. Mdogo wangu alikuwa kwenye besdei Uyole, saa moja usiku kala kipande kimoja, saa mbili haoni kitu, akasema hii feki, akaongeza viwili na bia juu. Saa nne napigiwa simu, nafika namkuta yuko chini ameshika kifua anasema kaka nakufa, moyo unakimbia, anatapika, hanijui vizuri. Hospitali nesi anauliza amekula nini, marafiki zake wote kimya wanaogopa polisi, ikabidi niseme mimi, dada huyu kala keki ya bangi vipande vitatu. Bila hivyo wangeanza kutafuta malaria. Alirudi kwenye akili zake kesho yake mchana.

Kilichotokea ni hivi, ukila inapita kwanza tumboni halafu kwenye ini, na ini linaigeuza THC kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi kichwani. Inachukua nusu saa mpaka masaa mawili kuanza, na ikishaanza inaweza kukaa masaa sita mpaka kumi na mbili. Msokoto ukiona umezidi unauweka chini, kilichoko tumboni utakiweka wapi? Kanada waliporuhusu vya kula mwaka 2019 waliweka pakiti nzima isizidi miligramu 10 za THC. Huku mtu anakoroga kwenye sufuria kwa macho, kipande hiki hakina kitu, cha pembeni yake kimebeba zote.

Dogo alikuwa ameshusha mashine ananisikiliza. Akaniambia zimebaki tatu, ziko kwenye kopo la biskuti juu ya friji. Nikamuuliza, na yule binti yako wa miaka minne? Hakunijibu, alitoa simu akampigia mke wake.