Kabla ya Kubadili Aina ya Balbu, Soma Kwanza Taa Inayoipokea

Mtu anayeacha balbu ya zamani yenye uzi wa tungsteni na kuchukua ya LED kwa kawaida huuliza kama mwanga utatosha, na swali hilo lina jibu jepesi. Balbu ya uzi ya wati 60 hutoa takriban lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga unaolingana na huo, kwa hiyo anayesoma lumeni kwenye boksi hana haja ya kukisia. Linalonishughulisha mimi zaidi ni joto, kwa sababu ndilo linaloharibu holda na nyaya bila mtu kuona.

Kikomo cha wati kilichoandikwa ndani ya holda au kwenye kofia ya taa ni kikomo cha joto. Balbu ya uzi hugeuza sehemu kubwa mno ya umeme wake kuwa joto, na ukiiweka ya wati 100 mahali palipoandikwa wati 60, plastiki ya holda hukauka na kupasuka, na ngozi ya waya huungua polepole hadi shaba ikabaki wazi. Kinachohesabiwa hapo ni wati ambazo balbu inatumia kwa kweli. LED ya wati 13 ambayo boksi lake linadai kuwa ni sawa na wati 100 haivunji kikomo cha wati 60.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, iko katika kurudi nyuma, yaani kutoa LED na kuweka tena balbu ya uzi. Taa nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa ajili ya LED peke yake, zikiwa na nyaya nyembamba na kofia iliyo karibu sana na balbu, lakini holda yake ni ileile ya skrubu au ya pini, na kwa hiyo inaipokea balbu ya uzi au ya halojeni (aina ya balbu ya uzi yenye joto kali) bila kipingamizi chochote. Kuingia kwa balbu si ruhusa ya kuiwasha.

LED nayo ina joto lake, ingawa ni dogo, na hukusanyika kwenye kitako chenye vifaa vya kielektroniki. Ndani ya kifuniko kilichofungwa pande zote joto hilo halina pa kutokea, na balbu hufa mapema. Itafutwe ile iliyoandikwa kuwa inafaa kwa taa zilizofunikwa. Vivyo hivyo, swichi ya kupunguzia mwanga inahitaji LED iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, la sivyo itapepesa na kuvuma.

Wakati wa kubadili, zima umeme kwenye swichi kuu, usitegemee swichi ya ukutani. Katika nyumba ambayo fundi ameweka swichi kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya waya wa moto (unaoleta umeme), holda hubaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa. LED inayoendelea kuwaka hafifu baada ya kuzimwa inaweza kuwa dalili ya kosa hilo, ingawa wakati mwingine chanzo ni kitaa kidogo kilichomo ndani ya swichi. Fundi umeme aipime. Subiri balbu ya zamani ipoe, simama juu ya kitu imara, na balbu ya halojeni isiyo na kioo cha nje uishike kwa kitambaa safi, kwani mafuta ya vidole huifanya ipate joto lisilo sawa na kupasuka. Taa za mrija ni kazi ya fundi, maana baadhi ya mirija ya LED hutaka balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa mrija wa zamani) iondolewe na nyaya zipangwe upya.

Balbu ya kuokoa umeme yenye mrija uliojikunja ina zebaki, miligramu chache tu, na ndiyo maana huzungushwa kwa kushika kitako chake, si kioo. Ikivunjika, watoe watu wote chumbani, fungua madirisha, subiri kama dakika 10, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na unga uliobaki kwa tepu yenye gundi. Usitumie ufagio wala mashine ya kufyonza vumbi, kwa kuwa vyote viwili hutawanya zebaki hewani. Vipande hivyo vifungwe ndani ya chupa yenye kifuniko na kutolewa nje ya nyumba. Wala vipande hivyo wala balbu nzima iliyoungua visichomwe pamoja na taka nyingine.