Mlima Umeungua, Bili Naletewa Mimi

Bili ya maji ya mwezi huu imekuja na karatasi ya njano ndani. Kumwagilia nyasi mara mbili tu kwa wiki. Marufuku kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Maji yakionekana yanatiririka barabarani, faini. Na mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: bei ya kila galoni 1,000 imepanda tena. Nyasi zenyewe hakuna aliyeziomba. Zimekuja na nyumba, na chama cha wenye nyumba mtaani kinataka ziwe kijani. Huyu anakataza kumwagilia, yule anaandika barua zikikauka.

Nyumbani ukimwambia mtu kwamba Marekani nako kuna masharti ya maji, anajua tu unatafuta njia ya kutotuma hela. Kwake Marekani maji yako bombani saa zote, na hata ya chooni ni ya kunywa. Kweli. Ila hajui yanatoka wapi, na wengi wetu tunaokaa huku Colorado, kuanzia Aurora mpaka Greeley na Fort Collins, hatujui pia. Tunajua namba ya akaunti.

Yanatoka kwenye theluji. Mvua ya huku chini kwa mwaka mzima ni kama milimita 400, Dodoma inatuzidi. Kinachotubeba ni Milima ya Rocky hapo magharibi. Theluji inaanza kujijenga Oktoba au Novemba, inafika kilele karibu katikati ya Aprili, kisha Mei na Juni inayeyuka na vijito vyote vinajaa kwa mpigo. Mabwawa yanakinga, nasi tunayanywa hadi msimu ujao. Simtanki letu liko juu mlimani, halina mfuniko, na jua ndilo linalofungua koki.

Ujazo wa simtanki hilo unapimwa kwa mizani. Kina cha theluji peke yake kinadanganya: sentimita 10 za theluji mbichi zikiyeyuka zinatoa kama sentimita 1 ya maji, lakini ile iliyojishindilia hadi Aprili, mita 1 inaweza kutoa sentimita 30 hadi 40. Mpimaji anapanda na bomba la alumini lenye meno mdomoni, analizungusha hadi ligonge ardhi, analichomoa. Kwanza anachungulia mdomoni kama kuna kipande cha udongo. Kisipokuwepo hakufika chini, anarudia. Anakwangua udongo, analining'iniza bomba kwenye mizani. Mdomo wake una kipenyo cha inchi 1.485, na namba hiyo imechaguliwa kwa akili: kila aunsi 1 ya theluji ni inchi 1 ya maji. Mzani unasoma maji moja kwa moja. Anapima sehemu kadhaa kwenye mstari uleule kila mwaka, anachukua wastani. Siku hizi kazi kubwa inafanywa na vituo vinavyoitwa SNOTEL: mfuko bapa uliojaa kimiminika kisichoganda umelazwa ardhini, theluji inaulalia, uzito unatumwa wenyewe. Takwimu ni za bure. Mwenye hofu ya karatasi ya njano Julai aangalie namba za Aprili.

Lakini hata theluji ikiwa nzuri, maji huenda yasifike. Mwaka 2021 theluji ya bonde la juu la mto Colorado haikuwa mbali sana na wastani, ila maji yaliyoingia bwawa la Powell, linalokinga mto huo, yalikuwa kama theluthi tu ya kawaida. Ardhi ilikuwa imekauka tangu kiangazi cha 2020, ikajinywea yenyewe kwanza. Juu ya hapo joto limesogeza kalenda. Sehemu ya theluji ya vuli na ya Aprili sasa inashuka kama mvua, na kuyeyuka kunaanza mapema. Vumbi la jangwani nalo likitua juu ya theluji linaipaka rangi, na theluji chafu inakunywa jua badala ya kulirudisha. Matokeo yake mto unafurika kabla ya mkulima kuhitaji maji, na ikifika Agosti kijito ni chembamba, cha uvuguvugu, na samaki aina ya trauti, wanaotaka maji ya baridi, wanahema.

Hayo tungeyavumilia. Moto ndio uliovuruga hesabu.

Agosti 2020 moto wa Cameron Peak uliwaka juu ya Fort Collins, haukudhibitiwa mpaka Desemba, na ulikula zaidi ya ekari 208,000. Mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo hili. Katikati ya Oktoba ukaanza mwingine upande wa pili wa mlima, East Troublesome, ukala zaidi ya ekari 193,000 na kuruka mgongo wa bara, kilele kinachogawa mito ya mashariki na ya magharibi, ambao juu yake hakuna miti, ni mawe matupu. Sasa angalia ubaya wake. Fort Collins ina vyanzo viwili: mto Cache la Poudre, na bwawa la Horsetooth linalopata maji kutoka ng'ambo ya milima kupitia handaki la kilomita 21. Chanzo kimoja kikichafuka, mji unahamia kingine. Ndiyo akiba yenyewe. Mwaka huo mmoja moto ulipita juu ya vyote viwili.

Msitu ukiungua, mwanzoni unaweza kudhani umepata faida. Matawi ya misonobari yaliyokuwa yanashika theluji na kuiacha ipotelee hewani hayapo, hivyo theluji nyingi zaidi inafika chini. Faida hiyo hailiki. Jua linaipiga bila kivuli, upepo unaichota, na magogo meusi yaliyosimama yanaidondoshea vipande vya mkaa msimu hadi msimu. Inayeyuka siku kadhaa mapema, na hali hiyo inaendelea kwa zaidi ya miaka 10, kwa sababu magogo hayana haraka ya kuanguka.

Udongo ndio mbaya zaidi. Majani ya misonobari yana nta. Moto mkali unaigeuza mvuke, mvuke unazama ardhini, unapoa na kuganda sentimita chache chini, na hapo ardhi imevaa koti la mvua. Kupima ni rahisi: fagia majivu, dondosha tone la maji, hesabu. Tone likikaa juu zaidi ya sekunde 5, limeviringana kama kwenye jani la gimbi, udongo unakataa maji. Halafu chimba sentimita 1 na urudie, kisha nyingine, maana tabaka lenyewe mara nyingi halipo juu kabisa. Kwa kawaida linaisha ndani ya mwaka mmoja au miwili, lakini miaka hiyo ndiyo ya hatari. Mvua za radi za Julai na Agosti hazihitaji kunyesha siku nzima. Robo saa ya mvua kali inatosha kushusha tope, magogo na mawe ya ukubwa wa gari. Tarehe 20 Julai 2021 kijito cha Black Hollow, chini ya kovu la Cameron Peak, yaani eneo lililoungua, kilifanya hivyo, kikaua watu na kubeba nyumba.

Wachagga wenzangu mnalijua jambo hili kwa njia nyingine. Oktoba hiyohiyo ya 2020 Kilimanjaro nako kuliwaka, na watu mitandaoni wakalilia barafu. Barafu ya Kibo mchango wake kwenye maji ni mdogo sana. Kinachotunywesha kule ni msitu, unaoshika mvua na kukamua ukungu, na mioto ya miaka mingi imeshusha ukingo wa juu wa msitu huo. Mwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji wa jadi, asitazame kileleni, atazame hapo.

Turudi kwenye bili. Mvua ikipiga kovu, mto Poudre unakuwa kama chai ya mkandaa. Huko juu kuna vihisio vinavyotoa taarifa kabla tope halijafika, mlango wa maji unafungwa, mji unakunywa Horsetooth. Maji yakitulia kidogo yanapokelewa, na hapo kazi inaanza. Mkemia anapanga bika 6, yaani gilasi za maabara, za maji yaleyale, kila moja anaitia kipimo tofauti cha shabu, naam, shabu ileile ya bibi. Anakoroga kwa kasi kama dakika 1, polepole kama dakika 20, anaacha itulie nusu saa, kisha anatazama ni bika ipi mabonge yametua vizuri na maji yamebaki angavu. Shabu kidogo, tope linabaki likielea. Ikizidi, maji yanakuwa na asidi na tope la taka linajaa kwenye mabwawa ya kutulizia. Siku za kawaida kipimo hakibadilikibadiliki. Chini ya kovu la moto kinaweza kubadilika ndani ya saa moja, na chujio linalofanya kazi siku nzima linaziba mapema na kuhitaji kuoshwa kwa maji masafi yaleyale ambayo yangekuja kwako. Hakuna pa kulegeza: sheria inataka asilimia 95 ya vipimo vya maji yaliyochujwa visizidi 0.3 NTU, kipimo cha ukungu wa maji.

Na tope linaloonekana ni nusu ya shida. Majivu yanaleta kaboni iliyoyeyuka, ambayo ikikutana na klorini inazaa kemikali zenye mipaka ya kisheria: trihalomethani mikrogramu 80 kwa lita, asidi za haloasetiki 60. Kwa hiyo huwezi tu kuongeza klorini ukalala. Majivu yanaleta pia fosforasi, mwani unanenepa bwawani, na maji yanakuja na harufu ya udongo baada ya mvua. Harufu hiyo yenyewe haidhuru. Pua ya binadamu inaikamata kwa kiasi kidogo mno. Dawa yake ni mkaa wa unga uliotengenezwa maalum, na mkaa huo haugawiwi bure.

Denver ilishalipia somo hili. Moto wa Buffalo Creek wa 1996 na ule wa Hayman wa 2002, wenye ekari kama 138,000, ulilegeza milima juu ya bwawa la Strontia Springs, ambako sehemu kubwa ya maji ya mji inapita. Mchanga ukajaa bwawani. Kuuchota na kukarabati milima kumeigharimu mamlaka ya maji zaidi ya dola milioni 27. Mwaka 2010 wakaingia mkataba na idara ya misitu ya serikali kuu, dola milioni 33 kwa kuanzia, za kupunguza miti iliyosongamana kabla haijawaka. Nusu ya fedha hizo ilitoka kwa mamlaka ya maji, yaani kwa wateja wake. Ndiyo hiyo nyongeza kwenye bei ya galoni.

Baada ya Cameron Peak helikopta zilimwaga matandazo ya mbao zilizosagwa kwenye miteremko iliyoungua vibaya. Nyasi kavu ni rahisi zaidi, lakini upepo wa huku unazipeperusha na zinakuja na mbegu za magugu. Mbao ni nzito, zinakaa, zinavunja nguvu ya tone. Kazi ipangwe kabla ya mvua za radi. Na kalvati za barabara zinabadilishwa kuwa kubwa, kwa sababu kalvati ndogo ikizibwa na gogo moja inageuka bwawa, na bwawa la namna hiyo linapasuka usiku.

Sasa wadogo zangu mnaokuja, haya hamtaambiwa uwanja wa ndege. Mijini mingi huku ada ya majitaka ya mwaka mzima inakokotolewa kwa maji uliyotumia miezi ya baridi, mara nyingi Januari hadi Machi. Choo kikivuja miezi hiyo, utalipia uvujaji huo mpaka mwaka unaofuata. Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi, subiri dakika 15. Rangi ikishuka kwenye bakuli, badilisha mpira wa kuzibia; ni dola chache na hauhitaji fundi. Usipange nyumba ya bei poa kwenye korongo chini ya kovu la moto kwa sababu tu kuna kijito kizuri. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na ile ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida inaanza siku 30 baada ya kununua, kwa hiyo kuinunua wingu likiwa limeshafunga ni kazi bure. Chama cha mtaa kikikuandikia barua ya nyasi kavu wakati masharti ya maji yanaendelea, wajibu kwamba sheria ya jimbo inawazuia kukutoza faini kwa hilo. Wanajua. Wanajaribu.

Na usikimbilie kukinga maji ya bati kama kwenu. Huku mvua ina mwenyewe. Aliyewahi kuuchepusha mto kwanza, hata kama ni mkulima wa mwaka 1870, haki yake inatangulia yako, na tone linalotoka paani kwako lilihesabiwa kuwa linaelekea kwake. Sisi tuliokulia zamu za mfongo tunaelewa haki ya maji, ila hii ya kudai mpaka mvua ya hewani ni kiburi. Mpaka 2016 nyumba nyingi hazikuruhusiwa kabisa. Sasa unaruhusiwa mapipa 2, jumla galoni 110, yaani kama lita 416. Ni maji ya kufulia Jumamosi moja. Mapipa yawe na mfuniko na wavu wa mbu, maji yatumike nje tu, kwenye bustani au kuoshea gari. Lakini hayo ndiyo pekee ambayo hayajapita kwenye mlima ulioungua, na karatasi ya njano haiyagusi.