Mkojo haukuota kitu, na bado naumwa

Mtaani kwetu Mwanza ukisema mkojo unachoma, hujamaliza hata kueleza umeshaambiwa una UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mimi niliambiwa hivyo mpaka nikazoea, na kila mara natoka dukani na siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Maumivu yanatulia, yanarudi. Hospitali wakauotesha mkojo wangu, yaani wakauweka kwenye sahani ya maabara waone wadudu gani watakua: chembe za usaha nyingi, lakini hakuna kilichoota.

Hapo ndipo nilipomuuliza mtaalamu wa maabara, "Samahani dokta, hiki kipimo kinatafuta wadudu gani hasa?" Akanielewesha vizuri. Wanaotafutwa ni wale wa kawaida wa njia ya mkojo. Klamidia, ugonjwa wa zinaa, haiwezi kuota kwenye sahani ile, kwa sababu inazaliana ndani ya seli za mwili. Kisonono nacho kinataka chakula chake maalumu. Hao wawili husakwa kwa kipimo cha vinasaba, kwenye mashine ya GeneXpert, ile ile ya kifua kikuu, ila katriji, kile kikasha cha kuwekea sampuli, ni nyingine na si kila hospitali inayo. Kwa hiyo nilipiga simu kwanza, ndipo nikapanda daladala.

Nilidhani nitatoa mkojo tena. Nesi akanipa kijiti chenye ncha laini: "Ingia chooni mama, ingiza kama sentimita 5 ukeni, zungusha taratibu, ukitoa usiguse ncha." Basi, kwisha. Wanaume ndio hutoa mkojo, tena ule wa mwanzo kabisa, wakiwa wamekaa angalau saa moja bila kukojoa. Wa katikati, tuliouzoea kwenye UTI, haufai hapa. Mashine inachukua kama dakika 90. Wakati nasubiri nikatobolewa kidole, nikapimwa kaswende na VVU.

Klamidia ikaonekana. Wakahakikisha sina mimba, nikaandikiwa doksisaiklini mg 100, asubuhi na jioni, siku 7.

Kazi ilikuwa kumwambia mume wangu. Nesi alishanidokeza kwamba klamidia hukaa miezi bila dalili, hivyo karatasi ile haisemi nani kaileta wala lini. Nikayasema hayo kwanza, ndipo nikampa karatasi. Alinuna sana. Kisha akaenda, na yeye akakutwa nayo, ilhali hajawahi kulalamika hata siku moja.

Nilitaka kupima tena vidonge vilipoisha tu. Nesi akakataa, maana mashine hunasa hata masalia ya wadudu waliokwisha kufa. Tulirudi baada ya miezi 3, wote wawili, na safari hiyo akalipa yeye.