Korosho zilinishinda, visoda vikanitoa

Nafundisha hisabati darasa la pili huku Newala. Watoto wanapita mia, dawati moja wanabanana wanne. Mwezeshaji mmoja alitujia na maneno matamu: "Walimu, zana za kufundishia ziko kwenye mazingira yenu. Mna korosho, mnalia nini?" Tukampigia makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Ilikuwa Oktoba, korosho zimeanikwa kila ua. Nikaagiza kila mtoto aje na ishirini. Siku ya kwanza somo lilinoga, mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Lakini korosho ni pesa, jamani. Wiki haijaisha nikasema tenga kumi na nane, dawati la mbele wamebaki na tano tano.

"Nyingine ziko wapi?"

"Zimeisha, mwalimu."

Nikatoka hadi kwa mama anayeuza ubuyu na barafu nje ya shule. Beseni lake limejaa korosho! Darasa langu zima lilikuwa linafanya kangomba, yaani kuuza korosho kwa magendo, tena kwa bei ya barafu moja. Ambao hawakuuza walizichoma nyuma ya choo, na mmoja akarudi darasani mdomo umebabuka kwa mafuta ya ganda. Kesho yake baba yake akanijia: "Mwalimu, shikamoo, ila korosho za kupeleka kuuzwa chama cha msingi cha ushirika mbona unazifanyia mtihani?" Mwezeshaji hakuwepo kunisaidia kujibu.

Msimu huohuo ndio ulionipa dawa. Malipo ya mnada wa korosho yakitoka, hapa soda na bia hunyweka usiku kucha, na asubuhi visoda vimetapakaa mbele ya kila baa. Nikawa napita na kiroba kabla ya gwaride. Watu walinicheka, wengine wakadhani natafuta kisoda chenye zawadi. Mhudumu mmoja akaanza kuniwekea kwenye ndoo, akawa ananiita "mwalimu wa visoda". Jina hilo ninalo mpaka leo.

Kisoda kimoja kimoja hakina maana, kitamwagika tu chini ya dawati. Ujanja wangu ni huu: nilivitoboa kwa msumari juu ya gogo, nikagonga kingo zilale zisikate vidole, kisha nikatunga kumi kumi kwenye nyuzi nilizochomoa kwenye gunia bovu. Nikafunga fundo la kuvuta, si la kukaza. Hapo ndipo palipo na somo lote. Ukimwambia mtoto 42 toa 17, anashika tungo nne na visoda viwili. Saba haitoki kwa mbili, kwa hiyo anavuta fundo, tungo moja inamwagika, sasa ana tungo tatu na visoda kumi na viwili. Nilikuwa nimeimba "kopa kwenye makumi" hadi sauti inakauka, wasinielewe. Fundo lilipofunguka, binti mmoja aliyekuwa hata haangalii ubao akasema, "Kumbe kumi ilikuwa humu!" Nikanywa chai ya saa nne kwa raha siku hiyo.

Gharama? Misumari na nyundo ya kuazima, haifiki hata elfu tatu. Manila kadi za kuchorea chati zingenila zaidi, na panya wetu wanazipenda. Vitabu nachukua bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kwa kishikwambi tulichogawiwa baada ya sensa ya 2022. Pakua ukiwa mjini, usingoje mtandao wa kijijini.

Kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, nilionyesha tungo zangu, na walimu wa darasa la kwanza wakaondoka nazo bila kuaga. Nimetunga nyingine. Atakayejaribu asisahau kubandua ile plastiki ya ndani ya kisoda kwanza, watoto wanaitafuna kama bigijii.