Miguu Yangu Chini ya Tuktuk

Jumapili hii mvua imenyesha Kisumu kuanzia saa nane mchana, ile mvua yetu ya kutanguliwa na upepo wa vumbi halafu ngurumo moja unaisikia mpaka kwa meno, na hapa Kondele mahali nafanyia kazi mtaro ukajaa, maji ikaingia mpaka kwa sanduku la spana. Siku kama hiyo hakuna mtu analeta tuktuk. Nikasema wacha basi nisafishe hii moja imelala hapa tangu Alhamisi, mwenyewe anatafuta pesa ya pistoni, na nikiwa natoa matambara pale nyuma ya kiti cha abiria mkono ukagusa daftari. Daftari ya hesabu, ile ya viboksi, imefungwa na kamba ya tyubu.

Ni ya kijana wangu. Si wangu wa kuzaa, ni wa dada yangu, kwetu tunamwita okewo, anaishi na mimi na dani yake, yaani nyanya, tangu dada aende kutafuta maisha Nakuru. Ako gredi ya nne, miaka tisa, lakini akikohoa kabla ya kuongea unaweza kudhani ni mwenyekiti wa harambee.

Nyuma ya daftari kuna hesabu. Mbele kuna katuni, kurasa sita, penseli na biro nyekundu. Shujaa ni mtoto anaitwa Kapteni Omena, kama wale dagaa wa ziwani, na nguvu zake jamaa amezifikiria sana: ni mdogo kiasi kwamba nyavu ya mbuta, yule samaki mkubwa, haimshiki, akiwa peke yake si kitu lakini akipiga mluzi wanakuja elfu kumi, na anafanya kazi usiku wenye giza tu. Mwezi ukitoka amekwisha. Hiyo ameitoa kwa dani, huyo mama ameuza omena Kibuye tangu mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni, na kila mtu anayeishi na omena anajua wavuvi wanaenda nayo usiku wa giza na taa, mwezi ukiwa mkubwa wanakaa nyumbani wanacheza draft. Adui ni Mbuta, anaishi chini ya gugumaji, amevaa suti. Tisho lake ni moja, kila akitokea anasema "NITAKUANIKA!" Nilicheka peke yangu kwa mvua.

Halafu nikajiona.

Kapteni Omena ako na tuktuk inaingia ziwani na kutoka, na kila tuktuk ikichorwa kuna miguu miwili inatokea chini yake. Viatu ni hivi vyangu, gambuti ya kushoto imepasuka, hata ufa ameuchora. Mshale unaonyesha jina, SPANA, na chini ameandika "tanboi wa Kapteni", yaani msaidizi wake. Katika kurasa sita sina kichwa. Sina mkono. Maneno yangu ni yale yale, "Dakika tano tu." Kapteni anakimbizwa, Spana, dakika tano tu. Mbuta amefika, dakika tano tu. Na nyinyi wenye pikipiki na tuktuk mnaosoma hapa najua mnacheka, endeleeni.

Nitasema ukweli, iliniuma kidogo. Kwanza kiufundi ni makosa, tuktuk hatuingii chini yake, tunailaza ubavu kama ng'ombe wa kuchinjwa, na huyo mtoto ameniona nikiilaza mara mia. Pili, nani amelipa hiyo daftari? Mimi nimekua nikisoma hizi vitabu za katuni, zile za mitumba unapata zimepangwa chini kando ya barabara, jalada hakuna, ukurasa wa mwisho hakuna, na siku hizi nasoma za zamani kwa simu usiku nikikosa usingizi. Kwa hizo zote mtu mzima ndiye bosi, mtoto ndiye tanboi. Robin alitokea mwaka 1940 kwa sababu Batman alikuwa anazunguka usiku peke yake hana mtu wa kuongea naye, na yule Bucky wa Captain America akafuata mwaka 1941, na baada ya hapo kila mwanamume mwenye kofia ya ajabu akawa lazima ako na kijana wa kubeba vitu. Ndio mpangilio. Mkubwa mbele, mdogo nyuma, kama kwa lori.

Lakini hiyo usiku nimelala na daftari juu ya meza nikakumbuka kuna mmoja alikuwa ameigeuza, na ni mtu mzito. Jerry Siegel, yule yule aliyetengeneza Superman pamoja na Joe Shuster mwaka 1938. Mwaka 1941, yeye na mchoraji Hal Sherman, wakatoa Star-Spangled Kid. Huyo ni kijana, mtoto wa matajiri anaitwa Sylvester Pemberton, ndiye shujaa. Msaidizi wake ni jibaba kubwa, Pat Dugan, jina la kazi Stripesy, na kazi yake mchana ni nini? Dereva na makanika wa familia. Makanika! Nguvu za ajabu hakuna, ni ngumi na sarakasi tu, na gari lao, Star Rocket Racer, linaruka. Bendera ya Marekani wamegawana, mtoto akachukua nyota, mzee akaachiwa mistari, na hata ukiangalia majina unaona nani alichagua kwanza.

Nimemfikiria sana huyo Pat. Kijana wa nyumba ndiye anaongoza, yeye anaitikia. Mchana ni bosi wake kwa sababu ya pesa ya babake, usiku ni bosi wake kwa sababu ya vazi. Kwa kweli hapo si utoto uliogeuza mambo, ni utajiri, na sioni kama Siegel alikuwa anafikiria hivyo, pengine alitaka tu msomaji mdogo aone mtoto mwenzake mbele. Lakini mimi ni makanika, siwezi kusoma hadithi ya dereva nikaiacha hapo.

Miaka mingi ikapita na Pat hakufa, watu wa jina la pili huwa hawafi haraka. Mwaka 1999 Geoff Johns na Lee Moder wakamrudisha, sasa ameoa mama mmoja, wamehamia mji mdogo wa Nebraska, na binti wa huyo mama, Courtney Whitmore, anapata vifaa vya zamani vya Star-Spangled Kid ndani ya vitu vya babake wa kambo na kuvivaa bila ruhusa, kumuudhi tu. Anakuja kuitwa Stargirl. Pat anafanya nini? Hampigi, hamfungii ndani. Anajijengea roboti kubwa ya chuma kwa mikono yake, anaingia ndani, anamfuata. Jina Courtney Johns alilichukua kwa dada yake mwenyewe, aliyekufa katika ajali ya ndege ya TWA mwaka 1996. Hiyo nilipoisoma mara ya kwanza niliweka simu chini. Nilimpigia dada Nakuru saa tano usiku, akaniuliza kama mtoto ni mgonjwa, nikasema hapana, nilikuwa nataka tu kusikia kama huko kuna baridi. Akasema kuna baridi.

Lakini Pat si mimi. Pat ako na kichwa, kwanza, na roboti yake inawaka. Mimi nikijitafuta kwa hizi hadithi najipata kwa mwingine, na huyu si wa kujivunia.

Kuna yule Captain Marvel wa zamani, alitoka mwaka 1940, mtoto yatima Billy Batson akisema "Shazam" anakuwa jitu zima. Dada yake Mary naye akapata nguvu. Sasa mwaka 1943 akatokea mzee mmoja mnene anaitwa Dudley, akasema ati ni anko wao na yeye pia ako na nguvu kama zao. Uongo mtupu. Ameshona nguo nyekundu kama ya Captain Marvel, anaivaa ndani ya suti, watoto wakitamka neno na radi ikapiga yeye anavua suti haraka haraka ionekane naye amebadilika. Akiambiwa haya ruka tuone, anashika kiuno, ati anasumbuliwa na ugonjwa wa shazambago. Na hao watoto wanajua! Ile S ya kwanza kwa Shazam ni hekima ya Suleimani, utadanganya vipi mtu mwenye hekima ya Suleimani na nguo ya kushona? Wanajua na wanamwacha. Wanamwita Uncle Marvel, wanamshika kwapa mmoja huku mmoja huku, wanaruka naye.

Sasa nirudi kwa daftari, maana kuna ukurasa sijawaambia.

Muhula uliopita shule yao ilikuwa na tripu ya kwenda kuona msitu wa Kakamega. Pesa ilikuwa elfu moja na mia mbili. Mimi nilikuwa nazo Jumatatu, Jumatano sikuwa nazo, mambo ya kodi na injini moja niliyofungua nikashindwa kufunga, mwenyewe akataka spea mpya kutoka mfuko wangu na alikuwa na haki. Alhamisi asubuhi kijana amesimama mlangoni na begi, nikatoa simu, nikaishika juu, nikaizungusha. Nikamwambia netiwaki inasumbua, nitatuma mwalimu akifika shuleni. Nikatoka hadi nje nikaishika juu tena, kama mtu anatafuta mwezi. Netiwaki ilikuwa mzima kabisa. Alinitazama, si sana. Jioni aliporudi akasema Anko ni sawa, hata mimi hiyo tripu naona tumbo itaniuma, barabara ya Kakamega ina kona mingi. Ijumaa wenzake wakaenda. Yeye alishinda hapa kwa gereji, tumbo haikuuma, chapati alikula tatu.

Watoto wa shule hawaachi kuandika tarehe. Hata kwa katuni, juu kona ya kulia, na mstari chini umepigwa na rula. Ukurasa wa kwanza tarehe ni ya hiyo Ijumaa.

Na ukurasa wa tano ni huu. Mwezi umetoka, Kapteni Omena hana nguvu, Mbuta amemshika mkia. Mbuta anasema atamwachilia akitumiwa milioni moja kwa simu, SASA HIVI. Na kwa mara ya kwanza katika hadithi nzima Spana anasema kitu kingine. Kutoka chini ya tuktuk, kiputo cha maneno kikubwa kimejaa nusu ya ukurasa: "NETIWAKI INASUMBUA. INUA SIMU JUU." Mbuta anainua simu juu. Anasonga. Anainua zaidi. Anatoka kwa gugumaji, anapanda juu ya jiwe, suti yote iko nje ya maji, mkono juu, na wavuvi wa Dunga wanamwona kwa mwangaza wa mwezi wanamvuta na ndoano. Mwisho wa Mbuta.

Nimesoma huo ukurasa mara nyingi kuliko nitakavyomwambia mtu. Uncle Marvel pia alishinda hivyo hivyo. Mwaka 1945 walikutana na Black Adam, ana nguvu kama zao zote, hapigiki, na ni huyo mzee muongo asiye na chochote aliyemzungusha kwa maneno mpaka akajikuta ametamka "Shazam" mwenyewe, akageuka binadamu wa kawaida mwenye miaka 5000, akaisha palepale. Kijana wangu hajawahi kuona hicho kitabu. Sijawahi kumsimulia.

Kwa hivyo alijua. Siku hiyo mlangoni alijua, na akaenda zake akautafutia huo uongo wangu kazi.

Leo jioni mvua ikiwa imepungua nimemrudishia daftari, sikusema kitu ya netiwaki na yeye hakusema. Nilimuuliza tu mbona ananichora miguu pekee na anajua tuktuk tunailaza ubavu. Alikohoa kwanza. Akasema, "Anko, uso ni ngumu kuchora, na viatu vyako vinakaa vile vile kila siku." Halafu akasema daftari imebaki ukurasa mmoja na kuna sehemu ya pili, Mbuta ako na kaka. Nimempa hamsini akanunue nyingine kwa duka la hapo mbele, chenji arudishe. Ni saa mbili sasa, chenji sijaiona, ukimuuliza anasema mwenye duka hakuwa na masarafu.