Nilivyojifunza kumtambua tai mla-nyoka wa Sigi

Kwetu Muheza ndege yeyote mwenye mdomo uliopinda huitwa mwewe, na mawe hayamkosi. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka asubuhi moja nikipalilia michungwa karibu na Sigi, chini ya msitu wa Amani, niliposikia sauti kali: ko-ko-ko-kaa, kama jogoo anayejifunza kuwika.

Alikuwa juu ya mvule uliokauka, ukingoni mwa msitu, ametulia tuli. Karibu nusu saa hakukunjua bawa. Kichwa tu kilizunguka, macho kwenye nyasi. Nikakimbia kuazima darubini kwa mjomba, ambaye huwatembeza wageni msituni. Kifua cha kijivu na kahawia, tumbo lenye milia myeupe, macho na miguu ya njano.

"Achana na tumbo, mjomba," akaniambia. "Vipanga wengi wana milia. Tazama mkia."

Mistari mitatu myeusi. Tena mkia mrefu, ncha za mabawa hazikuufikia mwisho. Ndugu yake anayefanana naye ana mkia mfupi wenye mkanda mmoja mpana mweupe. Tangu siku hiyo naanza na mkia.

Ni mdogo kwa tai, sentimita 55 hadi 60 hivi. Makazi yake ni misitu ya pwani na ya kandokando ya mito, kutoka kusini mwa Somalia mpaka kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Misitu hiyo ikikatwa hana pa kwenda, na hilo linaniuma kweli.

Kiota ndicho kilichonichosha. Mara ya kwanza niliingia msituni kwa pupa, akaruka, asirudi asubuhi nzima. Baadaye nikawa nakaa shambani, mbali, nimeegemea mchungwa. Siku ya nne akapita na kijitawi cha majani mabichi mdomoni, akazama kwenye mti uliofunikwa na mitambaazi. Majani hayo hutandikwa ndani ya kiota, na humo hutagwa yai moja tu. Nilitazama mahali hapo muda mrefu kabla ya kukiona: kirundo kidogo cha vijiti, kimejificha haswa.

Wiki kadhaa baadaye alitua hapo, mkia wa nyoka ukining'inia mdomoni. Kitu cheupe, chenye manyoya laini, kikainuka na kuanza kuuvuta.