Mlinzi wa magari ya mnada

Jumapili, usiku

Leo nimekaa na baba barazani mpaka mbu wakatufukuza. Tulikuwa tunamsikiliza Lucky Dube, yule mwimbaji wa rege wa Afrika Kusini, kwenye simu yangu, nikamsimulia jambo ambalo hata mimi nimelijua ukubwani: kabla jina lake halijavuma, Lucky alikuwa mlinzi. Alilinda magari kwenye yadi ya mnada huko Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria.

Baba naye alikuwa mlinzi, kwa miaka 22. Lindo la usiku, ghala la nafaka, rungu, tochi na koti zito. Alirudi saa kumi na mbili asubuhi sisi tukijiandaa kwenda shule, akavua viatu mlangoni na kuwasha redio kaseti kabla hata ya chai. Kanda ilikuwa Prisoner ya Lucky, iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine iliyonakiliwa, jina limeandikwa kwa mkono. Ikijiviringa tuliizungusha kwa kalamu. Kiingereza baba hakijui. Aliimba zile sauti tu, pale neno lilipomshinda akaguna, na mama alikuwa akimsihi aende akalale.

Nimemsomea kisa chote, polepole. Lucky alizaliwa Ermelo, Afrika Kusini, tarehe 3 Agosti 1964. Mama yake mimba zilikuwa zimemtoka kabla yake, ndiyo maana akampa jina hilo. Huku kwetu angeitwa Bahati. Wazazi walikuwa wameshatengana, mama akaenda mbali kutafuta kazi, mtoto akabaki kwa bibi. Akiwa bado mdogo alifanya vibarua vya bustani. Shuleni akaingia kwaya, halafu yeye na wenzake wakaunda bendi. Alipofika miaka 18 alijiunga na bendi ya binamu yake, The Love Brothers, wakipiga mbaqanga, muziki wa vitongoji vya watu weusi, kwa Kizulu. Ndiyo miaka hiyo ya lindo.

Hapa baba akanikatisha. Alitaka kujua rege imeingiaje.

Na hapo ndipo moyo wangu ulipo katika habari hii. Kufikia mwaka 1984 Lucky alikuwa tayari na jina kwenye mbaqanga. Kila albamu iliuza nakala kama 30,000. Kijana aliyetoka kwenye vibarua angetulia hapo, na nani angemlaumu? Yeye akatoa albamu ya rege, Rastas Never Die. Ziliuzwa nakala kama 4,000. Mwaka uliofuata serikali ya ubaguzi wa rangi ikaipiga marufuku. Huwa najaribu kukaa ndani ya mwaka ule: mauzo yameanguka, dola imekuzibia njia, na ule muziki uliokuwa ukikulisha bado upo, unakungoja urudi. Hakurudi. Aliendelea kuzipiga nyimbo zilezile jukwaani, watu wakazipokea, na mwaka huohuo wa 1985 akatoa albamu ya pili ya rege, Think About the Children. Hiyo ikafika platinamu, daraja la albamu zilizouzwa sana. Mimi niliwahi kuacha jambo nililolipenda kwa sababu mara ya kwanza halikwenda, na kisa hiki kinaniuma kwa namna ninayoihitaji.

Mengine yalikuja kwa kasi. Slave mwaka 1987, Prisoner mwaka 1989, na ile sauti yake, inayoshuka hadi besi halafu inapanda nyembamba kama ya mtoto, ikavuka mipaka hadi uani kwetu. Mwaka 1991 akapanda jukwaa la Reggae Sunsplash, tamasha kubwa la rege huko Jamaika, Mwafrika Kusini wa kwanza kufanya hivyo. Alipomaliza wakamrudisha, akapiga dakika 25 zaidi. Wenye rege yao, jamani!

Tulinyamaza tulipofika mwaka 2007. Sote tunaikumbuka ile Ijumaa asubuhi. Baba alirudi na habari kutoka lindoni, alikuwa ameisikia kwenye redio yake ndogo. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni akasema, "Wamemuua Lucky. Walitaka gari." Ilikuwa usiku wa tarehe 18 Oktoba, Rosettenville, Johannesburg, alipokuwa akiwashusha watoto wake. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia. Siku ile hakuwasha redio.

Leo aliangalia simu muda mrefu, ile picha ya Lucky na rasta zake ndefu. Halafu akauliza, "Huo mshahara wa ulinzi alikuwa anafanyia nini?"

"Alikuwa anajikimu nao huku akipiga muziki, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Wangu ulikwenda kwenye ada zenu," akasema, akaniambia nirudishe wimbo mwanzo.